Adui anaruka, wewe unarudishwa nyuma: kutafuta kosa kwenye makisio ya mwendo katika michezo ya mtandaoni

Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliyobeba magunia ya makala, ikiteremka barabara ya Goma, haihitaji kukodolewa macho muda wote. Ukishaiona iko wapi, inaenda upande gani na kwa kasi gani, unaweza kutazama pembeni nusu sekunde na bado ukajua pa kuikwepa. Mchezo wa mtandaoni unaobana matumizi ya mega (data ya intaneti) unafanya hivyohivyo. Badala ya kutuma mahali alipo mchezaji kila fremu (picha moja ya skrini), unatuma mahali, kasi na upande. Simu za wengine zinachora kivuli chake kwa kukisia, na pakiti mpya (kifurushi kidogo cha data) inaondoka pale tu kivuli kinapoachana na ukweli kupita kizingiti fulani.

Mabaharia walikadiria hivyo mahali chombo kilipo karne nyingi kabla ya kompyuta. SIMNET, mfumo wa jeshi la Marekani wa kufundishia askari wa vifaru katika miaka ya 1980, uliiingiza hesabu hiyo kwenye mtandao. Kisha kanuni ya IEEE 1278 (ya chama cha wahandisi wa umeme) ya mwaka 1993 ikatoka na viwango ambavyo bado vinatajwa: kizingiti cha mita 1, nyuzi 3 za mgeuko, na pakiti ya "nipo" kila sekunde 5 hata kama hakuna kilichobadilika. Kwa kifaru vinatosha. Kwa mchezo wa watu kukimbia na kupigana, anza na mita 0.3 hadi 0.5, nyuzi 5, na "nipo" kila sekunde 1.

Malalamiko yafuatayo ndiyo yanayojirudia kwa wanaotengeneza au kuendesha michezo ya namna hii Goma, Bukavu na Lubumbashi. Chini ya kila lalamiko, chanzo kinachotokea zaidi kimetangulia.

Pima kabla ya kugusa hesabu

Wengi hukimbilia kubadilisha fomula, na mara nyingi fomula haina kosa. Fanya mambo matatu kwanza.

Tuma pingi 100 (ujumbe mfupi unaopima milisekunde za kwenda na kurudi) kwa seva, kompyuta kuu ya mchezo, mchana na tena saa mbili usiku mtandao unapojaa: `ping -c 100` kwenye Linux, `ping -n 100` kwenye Windows. Wastani usikushughulishe sana. Tazama pengo kati ya pingi ndogo na kubwa, na pakiti ngapi zimepotea. Pingi ya 180 isiyoyumba inachezeka. Pingi inayopanda na kushuka kati ya 60 na 400 haichezeki, hata kama wastani wake ni mzuri zaidi.

Jua pia ni kipi kisichowezekana. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unasafiri karibu km 200,000 kwa sekunde, yaani kila km 100 za umbali ni milisekunde 1 kwenda na kurudi. Goma hadi Paris ni karibu km 6,200 kwa mstari ulionyooka: milisekunde 62 haziepukiki, na kebo hazijanyooka. Lubumbashi hadi Johannesburg ni karibu km 1,600, yaani 16. Mahali unapokodi seva ni uamuzi mzito kuliko mistari elfu ya programu.

La tatu: andika kumbukumbu ya kila pakiti, yaani namba yake, saa ilipotumwa, saa ilipofika, na mita ngapi kivuli kilikuwa kimekosea wakati huo. Bila namba hiyo ya mwisho unakisia juu ya makisio.

Kuiga mtandao mbaya ukiwa mezani, tumia mashine ya Linux: `tc qdisc add dev eth0 root netem delay 120ms 40ms loss 3%`. Kuondoa: `tc qdisc del dev eth0 root`. Amri hii inagusa pakiti zinazotoka tu, si zinazoingia. Usiijaribu kwenye seva ya mbali unayoiendesha kupitia mtandao huohuo. Ukikosea asilimia unajifungia nje.

"Adui anaruka akigeuka"

Akienda moja kwa moja yuko sawa. Akikata kona au kurudi nyuma ghafla, kivuli chake kinaendelea mbele kisha kinarukia mahali pengine.

Chanzo cha kwanza ni kudhani kwamba kizingiti ndicho kosa kubwa litakaloonekana. Sivyo. Mtu anakimbia mita 6 kwa sekunde, anageuka na kurudi alikotoka kwa kasi ileile. Kivuli na ukweli sasa vinaachana kwa mita 12 kwa sekunde. Kizingiti cha mita 0.5 kinavukwa baada ya milisekunde 42 hivi na pakiti inaondoka, lakini inachukua 120 kufika, na kivuli hakijasimama kuingoja. Inapofika, kosa ni 0.5 + 12 × 0.12, yaani mita 1.94. Ukishusha kizingiti hadi 0.1, kosa linakuwa 1.54 tu huku pakiti zikiongezeka sana. Ndiyo maana kupunguza kizingiti, dawa ambayo kila mtu huanza nayo, inakula mega bila kuponya.

Kinachosaidia ni kutosubiri kosa. Tuma pakiti papo hapo mchezaji anapobadilisha nia: ameachia kitufe, ameruka, au amegeuza fimbo ya kuongozea zaidi ya nyuzi 30. Weka kikomo cha pakiti moja kila milisekunde 50, vinginevyo mchezaji anayetikisa kidole atakumalizia bando.

Kisha lainisha marekebisho. Pakiti mpya ikifika usikihamishe kivuli mara moja. Gawa kosa katika milisekunde 100 hadi 200. Hapa kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Wanavuta mchoro kutoka ulipo kwenda mahali palipoandikwa kwenye pakiti, wakati mahali hapo tayari ni pa zamani, na matokeo yake kivuli kinabaki nyuma daima. Fanya hivi: endesha vivuli viwili sambamba, cha pakiti ya zamani na cha pakiti mpya, vyote vikisonga mbele, na uchanganye kutoka cha kwanza kwenda cha pili. Kosa likizidi mita 5, acha kulainisha na umhamishe mara moja. Mtu anayeteleza mita 20 kando anachekesha kuliko anayeruka.

Chanzo cha pili: pakiti zimefika zimepishana na ya zamani imefuta mpya. Angalia kumbukumbu, namba zikirudi nyuma umekipata. Tupa kila pakiti yenye namba ndogo kuliko ya mwisho uliyoipokea. Amri ya netem hapo juu, kwa kuwa inayumbisha ucheleweshaji, inaziparaganya pakiti hivyohivyo, kwa hiyo ni kipimo kizuri.

Cha tatu ni mchapuko. Fomula ya vitabuni ni mahali + kasi × muda + nusu ya mchapuko × muda mara muda, na watu huhesabu mchapuko kwa kutoa fremu mbili zinazofuatana. Kwa fremu 60 kwa sekunde, mtikisiko wa sentimita 1 tu kwenye mahali unazaa kosa la mita 0.6 kwa sekunde kwenye kasi, na la mita 36 kwa sekunde mraba kwenye mchapuko. Kivuli kinarushwa kama jiwe la manati. Kwa watu wanaotembea, ondoa mchapuko kabisa. Kwa magari uache, lakini uchukue kutoka kwenye injini ya fizikia au wastani wa milisekunde 200.

Cha mwisho kinatokea mara chache na kinasumbua kukigundua: kuzungusha namba. Ili pakiti iwe ndogo, kasi imefupishwa, tuseme kwa hatua za mita 0.1 kwa sekunde, lakini mtumaji analinganisha ukweli na kivuli alichokihesabu kwa kasi kamili. Kivuli chake kimeachana na kile wanachokiona wengine, naye hajui. Mtumaji lazima ahesabu kivuli chake kwa namba zilezile alizozituma, zikiwa zimeshafupishwa. Angalia pia mipaka: biti 8 kwa hatua za 0.1 zinafika mita 12.7 kwa sekunde tu. Gari la mita 30 kwa sekunde litaonekana linajikokota kisha linaruka, linajikokota kisha linaruka.

"Mtu ametupwa nje ya ramani"

Mchezaji mmoja haonekani, au anaonekana mbali kabisa, wakati kwenye skrini yake kila kitu kiko sawa. Hapa usiguse makisio. Tazama saa.

Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko saa moja mbele ya Kinshasa. Kompyuta iliyopangiwa majira ya Kinshasa, kisha mtu akasogeza mshale kwa mkono ili isomeke saa ya hapa, inatofautiana na wengine kwa sekunde 3,600 kamili. Mchezo unaotumia saa ya ukutani kujua pakiti ina umri gani utakisia mbele saa nzima: kwa mita 6 kwa sekunde, mchezaji anatupwa km 21.6, karibu aondoke Goma afike mji wa Sake.

Kuna hali nyingine ya kawaida kwenye siber (duka la intaneti): delestaji (mgao wa umeme) inakata umeme, kompyuta inawaka tena ikiwa na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Betri ndogo ya ubao mkuu imekufa, mara nyingi ni CR2032. Kwenye kompyuta ya mezani, izime, chomoa waya wa umeme, badilisha betri, panga saa. Kwenye kompyuta ya mapajani betri hiyo wakati mwingine imechomelewa au imefichwa chini ya ubao. Hapo mpelekee fundi.

Lakini dawa halisi iko kwenye programu, maana huwezi kupita nyumba kwa nyumba ukirekebisha saa za watu. Tumia saa inayohesabu kwenda mbele tu tangu mashine ilipowaka, si ile ya ukutani. Kisha itafute tofauti yake na seva: andika wakati wa kutuma, wakati seva ilipopokea, wakati seva ilipojibu, na wakati jibu lilipofika. Tofauti ni [(kupokea kwa seva − kutuma) + (kujibu kwa seva − kufika)] ÷ 2. Fanya mara 10, chagua ile iliyokuwa na safari fupi kuliko zote, tupa tisa. Wastani wa zote 10 ni mbaya kwa sababu pakiti iliyokwama upande mmoja inaipotosha hesabu. Rudia kila sekunde 30, na rekebisha polepole, si zaidi ya milisekunde 5 kwa kila sekunde, isipokuwa mwanzoni.

Weka pia kikomo cha ukisiaji: milisekunde 250 hadi 500 tangu pakiti ya mwisho, kisha kivuli kisimame. Kikomo hiki pekee kinazuia safari za Sake.

"Bananirudisha nyuma"

Mchezaji anasogea, kisha anavutwa nyuma kama amefungwa na mpira. Hii si hesabu ya vivuli vya wengine. Ni ya mtu mwenyewe, na inachanganywa sana na ile ya kwanza. Tangu mchezo wa QuakeWorld wa mwaka 1996, michezo mingi humsogeza mchezaji kwenye skrini yake mara moja bila kungoja seva, halafu hulinganisha jibu la seva likifika. Kurudishwa nyuma maana yake majibu mawili hayakulingana.

Anza na hili: je, programu inacheza upya maagizo ambayo seva ilikuwa haijayaona? Kila agizo (mbele, kushoto, ruka) liwe na namba. Seva ikijibu "nimefika agizo la 412, uko hapa", programu imweke mchezaji hapo, kisha irudie 413, 414, hadi la sasa, zote ndani ya fremu moja. Ukimweka mahali pa 412 ukaishia hapo, atarudishwa nyuma kila pakiti, na pingi ikiwa kubwa ndivyo anavyovutwa zaidi. Ukiona kurudishwa kunalingana na pingi, chanzo ni hiki.

Kama maagizo yanarudiwa sawasawa, tazama hatua ya muda. Simu ya bei nafuu inatoa fremu 25, nyingine 60, seva ina tiki 30 (mizunguko ya hesabu) kwa sekunde. Ukihesabu kuruka au msuguano kwa muda wa fremu, kila mashine inapata jibu lake. Hesabu mwendo kwa hatua isiyobadilika, kwa mfano sekunde 1/30 pande zote, na uchoraji ujaze katikati.

Kisha vitu ambavyo seva inavijua na simu haivijui: tope, maji, jeraha linalopunguza kasi, mlango uliofungwa na mtu mwingine. Dalili yake ni kwamba anarudishwa mahali palepale kila mara. Weka sheria hizo pande zote mbili.

Mwisho, tofauti ndogo za desimali kati ya chipu za simu na za seva. Hazikwepeki kirahisi, basi usizirekebishe: kosa chini ya sentimita 2 liache, kati ya sentimita 2 na mita 1 lilainishe, zaidi ya hapo hamisha.

Kuna dawa ya haraka inayovutia, ambayo usiinywe: kuiambia seva ikubali mahali popote simu inaposema. Kurudishwa nyuma kutaisha siku hiyohiyo, na wiki inayofuata utakuwa na watu wanaoruka kuta kwa makusudi. Kama mchezo una pesa ndani, zawadi au vitu vya kununua, sehemu hii mwachie mtu anayejua usalama wa seva kabla ya kuifungulia umma.

"Benzangu banabaki sawa picha, kisha banakimbia mbio"

Wote wanaganda sekunde moja, kisha matukio yote yanapita haraka kama filamu inayosogezwa mbele.

Swali la kwanza: pakiti zinapita kwa TCP, njia inayohakikisha kila pakiti inafika kwa mpangilio? Michezo ya kwenye kivinjari mara nyingi ndivyo ilivyo. Ikipotea pakiti moja, TCP inazizuia zote zilizofika baada yake hadi ile itumwe upya, kisha inazimwaga pamoja. Makisio hayana la kufanya. Hamishia mwendo kwenye UDP, njia isiyosubiri pakiti iliyopotea, ukiacha TCP kwa mambo yasiyopaswa kupotea kama alama na mazungumzo. Kama huwezi kuhama, basi pakiti nyingi zikifika kwa mkupuo soma ya mwisho tu, nyingine zitupe. Usizicheze moja moja.

Kama tayari ni UDP, tafuta anayepakua. Kwenye siber au nyumba yenye Wi-Fi moja, mtu mmoja akishusha filamu, ruta inajaza foleni yake na pingi inapanda kutoka 80 hadi 900. Jaribu: pingi mtandao ukiwa mtupu, pingi tena mtu akiwa anapakua. Ukiona tofauti kubwa, weka kikomo cha upakuaji kwenye ruta, karibu asilimia 85 ya kasi halisi ya laini, si ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Wi-Fi ya 2.4 GHz iwe kwenye chaneli 1, 6 au 11, basi.

Baada ya hapo ndipo urekebishe programu: foleni ya kusubirisha pakiti. Badala ya kuchora kilichofika sasa hivi, chora hali ya milisekunde 100 zilizopita, ukijaza kati ya pakiti mbili unazozijua. Injini ya michezo ya Source, ya kampuni ya Valve, ilikuja na thamani hiyohiyo ya sekunde 0.1. Kwa laini za simu zinazoyumba, 150 inavumilika zaidi. Unalipa kwa kuona mambo yakiwa yamechelewa kidogo, lakini unakisia mara chache.

Pingi ikipotea hata kwenda kwenye ruta yako mwenyewe, tatizo ni la Wi-Fi au waya wako. Ikiwa ruta inajibu vizuri na upotevu unaanza baada yake, acha kuchokonoa. Hifadhi matokeo ya pingi yenye saa na tarehe, umpigie anayekuuzia intaneti. Na kama kinachoshukiwa ni antena ya juu ya paa, usipande wewe. Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Ngurumo ikisikika, shuka, chomoa waya wa antena na wa umeme, na kazi ya juu mwachie fundi mwenye mkanda wa usalama, siku ya mbingu safi.

"Mega zinaisha mbio"

Makisio yamewashwa na bado mchezo unakula bando. Tufanye hesabu kwanza, maana wengi hawajui wanapaswa kuona nini.

Pakiti ya mwendo inatosha baiti 16: mahali baiti 6 (biti 16 kwa kila mhimili; kwenye ramani ya mita 500 ni hatua za milimita 7.6), kasi 3, mgeuko 1, namba 2, wakati 2, kitambulisho 1, alama 1. Vichwa vya IPv4 na UDP vinaongeza baiti 28 kila mara, vikubwa kuliko mzigo wenyewe. Kwa wachezaji 10, kila mmoja akipokea habari za wenzake 9:

- bila makisio, pakiti 20 kwa sekunde, kila moja peke yake: MB 28.5 kwa saa
- hivyohivyo lakini kwa maandishi ya JSON ya baiti 150: MB 115 kwa saa
- kwa makisio, wastani wa 4 kwa sekunde, kila moja peke yake: MB 5.7
- kwa makisio, seva ikizifunga pamoja mara 10 kwa sekunde: MB 3.1

Ukiona zaidi ya MB 100, hilo ni JSON au maandishi mengine, badilisha kwanza. Ukiona karibu 28, makisio yamewashwa kwa jina tu: kwa kawaida mtu amelinganisha mahali na "sawasawa kabisa" badala ya kizingiti, au "nipo" inatumwa kila fremu. Waambie wachezaji wote wasimame dakika moja. Kila mmoja atume pakiti 60 hivi. Akituma 1,200, kuna kitu kinachotikisika: fimbo ya skrini isiyo na eneo la kupuuza (weka asilimia 10 hadi 15 katikati), au uhuishaji wa kupumua unaosogeza mwili mzima.

Wa mbali wasilipiwe sawa na wa karibu. Seva itumie kizingiti cha mita 0.3 ndani ya mita 20, mita 1 hadi mita 60, mita 3 zaidi ya hapo, na asiyeonekana pakiti 1 kwa sekunde.

Na kabla ya kujichosha na haya yote, zima maongezi ya sauti upime tena. Sauti ya kilobiti 24 kwa sekunde ni MB 10.8 kwa saa kwa kila anayesema, zaidi ya mara tatu ya mwendo wa wachezaji wote ukiwa umebanwa vizuri. Mara nyingi mwizi ndiye huyo.

"Anapita mu ukuta"

Kivuli hakijui ukuta. Kinajua mstari tu. Piga mwale kutoka mahali pa sasa kwenda panapokisiwa, ukigonga kitu simamisha hapo. Kwa anayeruka hewani, ongeza mvutano wa ardhi kwenye kisio na umzuie kwenye usawa wa udongo, vinginevyo atazama. Baada ya kufa na kurudi mchezoni, tuma alama ya "amehamishwa" ili ulainishaji usimburute ramani nzima kupitia nyumba za watu.

Magari mawili yanayogongana ni jambo tofauti. Kila simu inaona lake liko mbele na la mwenzake nyuma kidogo, kwa hiyo mgongano unatokea mahali pawili. Ukijikuta unaandika sheria ya tano ya kipekee kwa ajili ya magari, simama: umefika kwenye fizikia ya pamoja, na hiyo ni kazi ya mtu aliyewahi kuifanya.

"Asubuhi iko muzuri, mangaribi inaharibika"

Ukiwasha seva upya kila kitu kinapona. Angalia ilikuwa imewaka muda gani.

Dakika 54 na nusu hivi, kisha wote wanaganda: namba ya pakiti ya biti 16 imezunguka kurudi sifuri (65,536 ÷ 20 kwa sekunde), na programu inazitupa zote ikidhani ni za zamani. Usilinganishe namba moja kwa moja. Zitoe, usome jibu kama namba ya biti 16 yenye alama ya jumlisha au toa, na likiwa juu ya sifuri pakiti ni mpya.

Siku moja na nusu, kisha vivuli vinaanza kutetemeka na vinazidi: wakati umehifadhiwa kama sekunde kwenye desimali ya biti 32. Ikifika sekunde 131,072, hatua ndogo kabisa inayoweza kuandikwa ni milisekunde 15.6. Tumia biti 64, au namba kamili za milisekunde. Namba kamili za biti 32 zisizo na alama zinazunguka baada ya siku 49.7, basi zitoe kwa njia ileile.

Kama delestaji inaizima seva yako kila siku, makosa haya mawili ya mwisho hutayaona kamwe, mpaka siku utakapoihamishia kwenye kituo chenye umeme usiokatika.

"Nikisimama kidogo, hatua ya kwanza inachelewa"

Hutokea kwa wanaotumia bando la simu, si Wi-Fi. Pakiti zikiwa chache, redio ya simu inalala ili kuokoa betri. Kwenye 3G kuamka kunaweza kuchukua hata sekunde 2, kwenye 4G ni chini ya hapo. Makisio mazuri kupita kiasi ndiyo yaliyoileta. Mechi ikiwa hai, "nipo" isizidi sekunde 1. Kwenye chumba cha kusubiri inaweza kuwa sekunde 10, lakini si zaidi: vifaa vingine vya mtandao vinafuta njia ya UDP isiyotumika baada ya sekunde 30, na mchezaji anatolewa bila kuelezwa sababu.

"Nilimupiga, haikuhesabu"

Aliyepigwa ni kivuli. Seva inapaswa kurudisha nyuma mahali pa wote hadi wakati ambao mpigaji aliuona kwenye skrini yake: pingi yake nusu, pamoja na foleni ya kusubirisha. Wanaosahau hiyo foleni ya milisekunde 100 ni wengi, na kwa anayekimbia mita 6 kwa sekunde hiyo ni sentimita 60, risasi inapita mgongoni. Hifadhi mahali pa kila mchezaji kwa sekunde 1 iliyopita, lakini usirudi zaidi ya milisekunde 250. Ukirudi zaidi, aliyejificha tayari nyuma ya ukuta atakufa akiwa ukutani, na lalamiko litahamia kwake.